Kutuza wanafunzi na kuandaa hafla za shule za eneo moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu, wajumbe wa bodi za shule, kamati za wazazi na maofisa elimu wanaoandaa siku za tuzo na hafla za jamii kwa shule kadhaa kwa pamoja. Shule moja ikifanya sherehe yake peke yake, kufahamiana huziba mapengo mengi. Shule kumi zikikutana ukumbi mmoja hakuna anayemjua kila mtoto, na jina lililokosewa au kigezo kisichoeleweka huonekana mbele ya mamia ya watu. Majibu marefu yako pale mambo yanapoharibika mara nyingi zaidi.

Tuanze na lipi: tarehe, ukumbi au bajeti?

Anzeni na vigezo. Tarehe inaweza kusogezwa na ukumbi unaweza kubadilishwa, lakini kigezo kinachotungwa baada ya matokeo kutoka kitashukiwa hata kama ni cha haki kabisa. Mzazi atauliza kwa nini mwanawe ameachwa, na jibu lililoandikwa wiki iliyopita halitamridhisha.

Kigezo kilichokamilika kinajibu mambo matano: nani anaruhusiwa kushindania tuzo, kipindi gani kinahesabiwa, nini kinapimwa, nani anaamua, na itakuwaje watu wakifungana. Mfano: "Tuzo ya Hisabati, darasa la saba. Wastani wa mitihani miwili, muhula wa 1 na wa 2. Mwanafunzi awe amefanya yote miwili. Orodha inaandaliwa na mwalimu wa somo na kuhakikiwa na mwalimu wa taaluma. Waliofungana wote wanatuzwa." Maneno hayo machache yanazuia malalamiko mengi. Yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na yasiguswe hadi mwaka uishe.

Tuwe na tuzo za aina ngapi?

Hakuna idadi moja inayofaa kila mahali, ila kuna dalili mbili za kuangalia. Kama watoto walewale watano wanapanda jukwaani mara nne kila mmoja, aina za tuzo ni chache mno au zote zinapima kitu kimoja kwa majina tofauti. Kama kila mtoto ukumbini ana cheti na hakuna anayeweza kueleza amekipata kwa lipi, zimezidi.

Taaluma, michezo, sanaa, uongozi, huduma kwa jamii na maendeleo binafsi zinatosha kama makundi makuu. Tuzo ya "nidhamu" inahitaji uangalifu wa pekee. Isipoandikiwa vigezo, humwendea mtoto mkimya, na wale walioamua ugomvi wa wenzao au waliowasaidia wageni kuzoea shule hawaonekani. Andikeni matendo mnayotaka kuyaona, kisha waombeni walimu na wanafunzi wapendekeze majina wakitaja tukio mahususi. Pendekezo lisilo na tukio lirudishwe.

Tumesikia kwamba tuzo zinaweza kupunguza bidii. Ni kweli?

Zinaweza, kutegemea zinavyotolewa. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe kama wangechora, wengine walipewa cheti hicho bila kutarajia, na kundi la tatu halikupewa kitu. Siku zilizofuata, walioahidiwa cheti walitumia kama nusu tu ya muda waliotumia wenzao kuchora kwa hiari yao. Raha ya kuchora ilikuwa imegeuka kazi ya kutafuta cheti.

Tuzo za mahudhurio nazo zimechunguzwa. Utafiti wa Carly Robinson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021, ulihusisha wanafunzi zaidi ya 15,000 wa darasa la 6 hadi la 12 nchini Marekani. Kuahidi tuzo kwa atakayehudhuria mwezi mzima hakukubadilisha mahudhurio kwa wastani. Wanafunzi waliopewa tuzo ya ghafla kwa mahudhurio yaliyopita walianza kukosa shule zaidi baadaye. Maelezo ya watafiti ni kwamba tuzo iliwaambia watoto kuwa wamehudhuria kuliko wenzao, na kuliko shule ilivyotarajia.

Hivyo msidhani kwamba kumshtukiza mtoto kwa tuzo kunamaliza tatizo. Ushauri wetu ni kuachana na tuzo za mahudhurio kamili. Zaidi ya ushahidi huo, zinamwadhibu mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu na kumtia moyo mwenye homa aje kuwaambukiza wenzake. Kwa tuzo nyingine, taja kilichofanyika badala ya kipaji: "amerekebisha insha yake mara tatu hadi hoja zikasimama" kina faida kuliko "ana akili nyingi". Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili walikata tamaa upesi zaidi walipokutana na maswali magumu kuliko waliosifiwa kwa juhudi.

Tuzo ya aliyepiga hatua kubwa inakokotolewaje?

Hii ndiyo tuzo inayopendwa zaidi na inayokosewa zaidi. Chukua watoto wawili: wa kwanza ametoka alama 35 hadi 50, wa pili ametoka 85 hadi 92. Ukitoa tu, wa kwanza amepanda 15 na wa pili 7, basi wa kwanza anashinda. Ukipima kwa kulinganisha na pengo lililobaki kufika 100, wa kwanza amefunika 15 kati ya 65, yaani asilimia 23, na wa pili 7 kati ya 15, asilimia 47. Sasa wa pili ndiye mshindi. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti.

Njia rahisi na ya haki ni kuwagawa wanafunzi kwa walipoanzia: chini ya 40, 40 hadi 69, na 70 kwenda juu. Kila kundi litoe mshindi wake kwa tofauti ya kawaida ya alama. Hivyo mtoto wa alama 35 hashindanishwi na wa 85, na wazazi wanaweza kuihakiki hesabu wenyewe.

Kosa kubwa liko kwenye alama ya kuanzia. Mkitumia mtihani mmoja tu, mtakuwa mnawatuza waliougua siku ya mtihani wa kwanza. Mtoto wa alama 70 aliyepata 30 kwa sababu ya malaria atarudi 70 bila jambo jipya, na karatasi itaonyesha amepanda 40. Alama ya kuanzia iwe wastani wa mitihani isiyopungua miwili, na aliyekosa mmojawapo aangaliwe peke yake na mwalimu wake.

Tunalinganishaje wanafunzi wa shule mbalimbali?

Kama hawakufanya mtihani uleule chini ya usimamizi uleule, msiwalinganishe kwa alama. Alama 80 ya shule yenye mitihani migumu inaweza kuwa kazi kubwa kuliko 90 ya jirani. Afadhali kila shule itoe idadi kulingana na ukubwa wake, tuseme asilimia 5 ya wanafunzi wa darasa husika, na sehemu ipandishwe juu ili shule ndogo isikose hata mmoja. Darasa la watoto 400 litatoa 20, la 60 litatoa 3, la 12 litatoa 1.

Tuzo kwa shule nzima kwa wastani wa alama nazo zinadanganya. Katika darasa la watoto 12 wenye wastani wa 60, mmoja wao akipata sifuri wastani unashuka hadi 55. Katika darasa la 120 unashuka hadi 59.5 tu. Ndiyo maana shule ndogo mwaka huu huongoza na mwaka ujao hushika mkia, bila mwalimu yeyote kubadilika. Tumieni wastani wa miaka mitatu, au msiitoe kabisa.

Wawili wakifungana nafasi ya pili, anayefuata ni wa tatu au wa nne?

Wa nne. Watatu wamekuwa mbele yake. Andikeni 1, 2, 2, 4, na mwe na zawadi ya ziada ya nafasi ya pili tayari. Msiwatenganishe kwa umri, kwa herufi ya jina wala kwa sarafu.

Tufanyeje ili majina yasikosewe?

Jina ndilo sherehe yenyewe. Mtoto hatakumbuka hotuba ya mgeni rasmi, lakini akiitwa kwa jina la mtu mwingine atakumbuka hadi uzeeni. Kazi hii ianze wiki sita kabla.

Kwanza, kila mtoto aandike jina lake kwa mkono wake jinsi anavyotaka lionekane kwenye cheti: majina mangapi, kwa mpangilio upi, lenye alama gani. Rejesta ya shule haitoshi, kwa sababu makosa ya siku ya uandikishaji hukaa humo miaka yote. Lilinganisheni na jina la rejesta, na panapotofautiana mzazi aulizwe.

Pili, kama jina lina matamshi ambayo msomaji hayajui, mtoto alitamke na mwalimu alirekodi kwa simu. Msomaji ausikilize mkanda huo, kisha aandike pembeni kwa silabi, akipigia mstari silabi inayotiwa mkazo. Kumwuliza mtoto jukwaani, mbele ya kipaza sauti, kumechelewa.

Tatu, msitegemee orodha ndefu pekee siku yenyewe. Mstari huvurugika: mmoja ameenda msalani, mwingine amebadilishana nafasi na rafiki yake, na kuanzia hapo kila mtoto anaitwa kwa jina la aliyemtangulia. Dawa yake ni kadi. Kila mtoto ashike kadi ndogo yenye jina lake, shule na tuzo, aikabidhi kwa msomaji anapofika, naye asome kilicho mkononi. Mstari ukivurugika, jina linabaki na mwenyewe. Kadi iwe na maandishi makubwa, kwa sababu taa za ukumbini mara nyingi humulika jukwaa na kuacha meza ya msomaji gizani.

Nne, wasomaji wawe wawili wanaopokezana. Baada ya majina mia moja hivi sauti hukauka na macho huruka mistari.

Vyeti vinaharibikia wapi?

Mara nyingi ni kwenye jedwali la kompyuta, kabla ya karatasi kugusa printa. Mtu anapanga safu ya majina kwa alfabeti na kusahau kuchagua safu za tuzo na shule zilizo pembeni. Majina yanahama, tuzo zinabaki palepale, na jedwali linaonekana safi kabisa. Kabla ya kuchapa, chukueni majina kumi bila mpangilio, mlinganishe na orodha ya awali iliyosainiwa na shule. Hata moja likikosea, jedwali zima lirudiwe.

Karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297, yenye uzito wa gramu 200 hivi kwa mita ya mraba hushikika vizuri na haijikunji. Someni kwanza mwongozo wa printa, maana nyingi za ofisini hukwama kwa karatasi nene, hasa ikipitia trei ya chini. Trei ya mkono, ambayo karatasi hupita bila kupinda sana, husaidia. Chapeni cheti kimoja, mkiangalie kwa umbali wa mita mbili, ndipo mruhusu vingine. Wekeni karatasi tupu za akiba, kama 5 kwa kila 100.

Saini na mhuri vitangulie, laminesheni ifuate. Cheti kilichokwisha kufunikwa plastiki hakisainiki vizuri, na wino ambao haujakauka husambaa ukipita kwenye mashine ya moto. Mhuri wa kuinuka, ule unaobonyeza karatasi, hulainishwa na laminesheni ukapotea, kwa hiyo cheti cha aina hiyo kiwekwe kwenye jalada.

Mkitumia kadi za majina, msihangaike kupanga vyeti kwa mpangilio wa jukwaani. Mtoto apewe jalada tupu linalofanana kwa wote, apigwe picha, kisha achukue cheti chake kwenye meza ya shule yake akishuka. Waambieni watoto mapema kuwa jalada ni tupu. Asiyejua hulifungua mbele ya watu na kudhani amesahauliwa.

Sherehe ichukue muda gani?

Isizidi dakika 90 kwa watoto wa shule ya msingi, na saa mbili kwa wakubwa. Pigeni hesabu kabla ya kuandika ratiba. Kuita jina, kupeana mkono na kushuka huchukua kama sekunde 12. Wanafunzi 240 ni sekunde 2,880, yaani dakika 48. Kila mmoja akisimama kupigwa picha na mgeni rasmi, hesabu sekunde 20, na wale wale 240 watachukua dakika 80. Hapo bado hotuba, burudani na sala havijaanza.

Muda ukizidi, punguzeni hotuba. Watoto wasiguswe. Njia nyingine ni kuweka mpiga picha pembeni mwa ngazi za kushukia ili picha ipigwe mstari ukiendelea, au kugawa sherehe mara mbili kwa rika. Jambo la kuepuka ni kuita wachache tu "kwa niaba ya wenzao" baada ya kuwaambia wote kwamba watapanda.

Mgeni rasmi aandikiwe nini?

Barua itaje saa ya kufika, saa ya kuondoka, dakika za hotuba (10 zinatosha), umri wa watoto, na kazi yake jukwaani. Ambatanisheni mambo matatu ya kweli ambayo wanafunzi wamefanya mwaka huo, yaliyotajwa kwa undani; mgeni aliyepewa kitu cha kusema huzungumza na watoto, asiyepewa huzungumza na wakubwa wenzake. Sherehe ianze kwa saa iliyotangazwa hata kama mgeni amechelewa. Pangeni burudani na tuzo mbili tatu ambazo mwalimu mkuu anaweza kuzitoa mwenyewe.

Kwa nini spika hupiga mlio mkali, na tuuzuieje?

Kipaza sauti kinachukua sauti inayotoka kwenye spika, kinairudisha kwenye mashine, inatoka tena ikiwa kubwa zaidi, mpaka inageuka mlio. Spika ziwe mbele ya msemaji, zikitazama watu, na kipaza sauti kibaki nyuma ya spika hizo. Msemaji akisogeza mdomo karibu, sentimita 5 hadi 10, fundi anaweza kupunguza sauti ya mashine na mlio ukaisha. Kushika kichwa cha kipaza sauti kwa kiganja huongeza mlio. Jaribuni ukumbi ukiwa mtupu, mkikumbuka kwamba watu wakijaa watanyonya sauti na itabidi kuongeza kidogo. Betri ziwe mpya, na kipaza sauti cha waya kiwe tayari mezani.

Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu atapandaje jukwaani?

Mteremko unaokubalika kwa kawaida ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya urefu wa jukwaa inahitaji sentimita 12 za njia. Jukwaa la sentimita 60 linataka mita 7.2, na kumbi nyingi hazina nafasi hiyo. Ubao mfupi wenye mwinuko mkali ni hatari, na kumbeba mtoto na kiti chake mbele ya umati ni kumvunjia heshima.

Suluhisho lililo bora ni kutoa tuzo zote chini, mbele ya jukwaa, kwa kila mtoto. Hapo hakuna anayetengwa, na mstari unakwenda haraka kwa sababu hakuna ngazi.

Kwa viziwi, mkalimani wa lugha ya alama asimame karibu na msemaji, penye mwanga, na nguo yake iwe ya rangi moja inayoachana na rangi ya mikono yake. Sherehe ikizidi saa moja wawe wawili, wapokezane kila baada ya dakika 20 au 30. Wapeni ratiba na majina siku mbili kabla, kwa sababu majina huandikwa herufi kwa herufi na vidole.

Mtoto hataki kupanda mbele ya watu. Tumlazimishe?

Hapana. Kwenye fomu ileile anayoandika jina lake, wekeni chaguo la kupokea tuzo darasani au ofisini kwa mwalimu mkuu, bila kudai sababu. Kwa aliyetamani kuja akaugua, jina lisomwe ukumbini na cheti kimfikie ndani ya wiki moja kwa mkono wa mtu anayemheshimu.

Tunaruhusiwa kuchapisha picha na majina ya wanafunzi?

Inategemea sheria ya nchi na ridhaa ya mzazi. Marekani, sheria ya FERPA ya mwaka 1974, inayolinda rekodi za wanafunzi, inaruhusu shule kuzihesabu tuzo na heshima kuwa taarifa za kawaida za mwanafunzi zinazoweza kutangazwa, ila mzazi aarifiwe na apewe nafasi ya kukataa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Popote mlipo, fomu ya ridhaa itenganishe mambo matatu: picha za ndani ya shule, picha za tovuti ya shule, na picha za mitandao ya kijamii. Mzazi anaweza kukubali la kwanza na kukataa la tatu. Fomu ijazwe upya kila mwaka.

Wapo watoto ambao picha yao haipaswi kuonekana kwa sababu kuna mtu anayewatafuta kwa nia mbaya. Msiwavalishe beji ya rangi tofauti, maana hiyo inawatangaza. Mwalimu mmoja anayewafahamu akae na mpiga picha baada ya sherehe, wazipitie picha zote kabla hata moja haijatoka. Waelezeni pia wazazi waliohudhuria wasisambaze picha za watoto wa wengine, kwa sababu fomu yenu haiwafungi wao.

Kuna mambo mawili yanayosahaulika. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Ifuteni taarifa hiyo kabla ya kupakia. Na jina la faili: mmeficha jina kwenye maelezo, lakini faili linaitwa kwa jina kamili la mtoto na kila anayelipakua analiona.

Habari ya mafanikio iandikweje?

Iwe fupi na yenye ushahidi. Nani, wa shule na darasa gani, amefanya nini, lini, kati ya washiriki wangapi, na ni nani aliyemwandaa. "Amekuwa wa tatu" haielezi kitu mpaka ijulikane walikuwa wanne au mia nne. Hakikisheni kwa karatasi ya matokeo, na ujumbe wa simu uliosambazwa na mzazi mwenye furaha usitoshe. Sentensi moja ya mwanafunzi mwenyewe, kwa maneno yake, ina uzito kuliko aya ya sifa. Msichapishe orodha nzima ya nafasi hadi ya mwisho. Anayesherehekewa ni aliye juu, na wa mkiani hakuomba kutangazwa.

Wekeni daftari la nani ametajwa. Mwisho wa kila muhula hesabuni kwa shule, kwa jinsia, kwa aina ya mafanikio. Mara nyingi mtakuta kandanda na mitihani imejaa kurasa, huku kwaya, bustani ya shule na mdahalo havijatajwa hata mara moja. Mara nyingi si ukosefu wa mafanikio. Hakuna tu aliyetuma habari, kwa hiyo kila shule iteue mtu mmoja wa kutuma, hata mistari mitano, kila mwezi.

Tunaepukaje hafla mbili kugongana?

Kwa kalenda moja ya pamoja yenye mtu mmoja anayeidhinisha. Kalenda ambayo kila mtu anaihariri hugeuka fujo ndani ya mwezi. Ombi liwe na tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, shule zinazohusika, makadirio ya watu na tarehe ya akiba. Zuieni kwanza wiki za mitihani, likizo na sikukuu. Kwa sikukuu zinazofuata kuandama kwa mwezi, zuieni siku mbili.

Saa ziandikwe kwa namna isiyo na shaka. Kipeperushi kinachosema "saa 2:00" kikisomwa pamoja na ujumbe wa simu unaosema "8:00" huleta watu nyakati mbili. Andikeni "saa 2:00 asubuhi" kila mahali, na kwenye kalenda ya kompyuta hakikisheni imeingizwa 08:00. Tangazo litoke wiki sita kabla, likumbushwe wiki mbili kabla, kisha siku mbili kabla.

Hafla ikiwa nje, tujihadhari na nini zaidi ya mvua?

Jua. Mwendeni uwanjani siku chache kabla, saa ileile, muone linapiga wapi. Wageni wakilitazama hawataona kitu, na mpiga picha akilielekea sura zitakuwa nyeusi. Upepo nao hubeba mahema, kwa hiyo kila mguu ufungwe kwa kigingi au uzito, hata anga ikiwa tulivu. Kuhusu mvua, amueni mapema nani anatoa uamuzi na saa ngapi, na watu waujue. Kama ni saa 12:00 asubuhi ya siku hiyo, mzazi atatazama simu saa hiyo na kuanza safari akiwa na hakika.

Usalama wa watoto katika hafla ya wazi kwa jamii ukoje?

Kila shule iwe na eneo lake la kukaa na orodha ya karatasi ya watoto iliyowaleta. Wahesabiwe wanapofika, baada ya mapumziko, na kabla ya kuondoka. Kuwe na sehemu moja inayoonekana ya watoto waliopotezana na wakubwa wao, yenye watu wazima wawili muda wote. Mtoto mdogo akabidhiwe tu kwa mtu aliyeandikwa, hata kama anayemwomba ni shangazi anayejulikana. Milango ya dharura isizibwe kwa viti vya ziada, kosa linalotokea karibu kila ukumbi unapofurika. Mtu wa huduma ya kwanza atajwe kwa jina kwenye ratiba na ajulikane anapokaa.

Wafadhili na michango tuisimamieje?

Kwa maandishi. Mfadhili anaweza kutajwa kwenye ratiba na kushukuriwa jukwaani, lakini asichague washindi, asipewe majina na simu za wanafunzi, na watoto wasivalishwe nembo yake. Zawadi za kiwango kimoja ziwe na thamani moja kwa shule zote, la sivyo shule yenye mfadhili tajiri itawafanya wengine waone tuzo yao ni ndogo. Fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili palepale, wote wasaini, na risiti itolewe siku hiyo.

Sherehe imekwisha na tumegundua jina la mtoto liliachwa. Tufanye nini?

Mwalimu mkuu ampigie mzazi simu siku hiyohiyo kabla habari haijazunguka, akiri kosa bila kulitupia kompyuta, na aseme lini litarekebishwa. Mtoto apewe tuzo yake mbele ya watu, kwenye mkutano wa asubuhi wa shule au hafla inayofuata, kwa heshima ileile: jina kuitwa, makofi, picha. Kumpelekea cheti kimyakimya darasani hakutoshi, isipokuwa mwenyewe akipenda hivyo. Kama orodha ilikwisha kuchapishwa, masahihisho yatoke mahali palepale na kwa ukubwa uleule, na nakala ya orodha iliyosahihishwa ihifadhiwe pamoja na vigezo vya mwaka huo, ili atakayeandaa sherehe ijayo aanze na orodha iliyo sahihi.